Kidonge Kimoja, Watu Wawili

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Zakari hutoka kununua mkate. Hununua mmoja tu. Huufikisha nyumbani ukiwa bado na joto. Mke wake Amida huukata katikati, na kila mmoja huchukua nusu yake.

Wamefanya hivyo miaka thelathini na minane. Walipofika Lubumbashi kutoka Maniema, wakiwa ndiyo kwanza wameoana, mkate mmoja ndio waliouweza. Leo wanaweza kununua miwili. Lakini jaribu kumshauri Zakari anunue miwili! Atakutazama kama umemwambia aoe mke wa pili.

Nyumba yao iko mtaa wa Hewa Bora. Zakari ni fundi cherehani, na cherehani yake iko barazani, mahali ambapo kila mpita njia anamwona na kumsalimu. Yeye anakata nguo na kuzishona. Amida anamalizia kwa mkono. Anatoboa matundu ya vifungo na kudarizi shingo za kanzu. Watu wa mtaa husema mkono wa Zakari unaleta mteja, na mkono wa Amida unamrudisha.

Miaka miwili iliyopita Amida alipimwa kwenye kituo cha afya cha mtaa. Walimkuta na ugonjwa wa sukari. Walimkuta pia na shinikizo la damu, ule ugonjwa ambao watu wa Lubumbashi wanauita tension. Namba yake ya juu ilikuwa 182. Akapewa dawa ya tension, kidonge kimoja kila siku. Alimeza vizuri, na tension ikashuka hadi 138. Kila mtu alifurahi.

Basi siku moja Zakari alirudi kutoka msikitini akiwa amenuna. Wauguzi walikuwa wamekuja pale kupima watu wote.

"Bamenipima," alisema. "Eti 168. Mashini yabo haiko bien."

"Mashini njo haiko bien, ao kichwa yako?" Amida alijibu. "Kesho tunaenda wote wawili kwa Mama Agnès, ku kituo ya afya."

"Kuenda kufanya nini? Miye kichwa hainiumi. Niko na nguvu. Kule ni fasi ya bagonjwa."

Amida alimbembeleza siku tatu. Zakari alikataa siku tatu. Ni mtu mwema, lakini kichwa chake kigumu, na mimi ninayewasimulia ninamjua. Siku ya nne Amida akachukua wembe, ule wa kufumulia nguo zilizoshonwa vibaya. Akaweka kidonge chake mezani. Akakikata katikati.

"Unafanya nini?" Zakari aliuliza.

"Ninakata dawa. Sawa mukate. Nusu yako, nusu yangu."

Zakari alikitazama kile kipande kidogo cheupe. Kisha akamtazama mke wake.

"Leta," alisema. "Nitakunywa na chai."

Akakibeba kwa vidole viwili, akaenda nacho barazani.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba. Mkate nusu kwa nusu, kidonge nusu kwa nusu. Amida alimeza nusu yake palepale mezani. Zakari alichukua nusu yake na kikombe cha chai, akatoka. Amida aliona moyo wake umetulia. Alijua anamlinda mume wake.

*

Miezi saba ilipita. Kila mwezi Amida alikwenda kupimwa kwa Agnès, muuguzi wa kituo. Kila mwezi namba ilipanda kidogo.

"Mama Amida, ikala kwanza dakika tano," Agnès alisema siku hiyo. "Usiseme kintu. Miguu chini, mukono juu ya meza. Njo vile tunapima."

Amida alikaa. Mashini ikakaza mkono, kisha ikaachia.

"156 kwa 94," Agnès alisema. "Mwezi yenye imepita ilikuwa 154. Mama, unakunywa dawa kila siku?"

"Kila siku, mama. Kweli."

"Sasa juu ya nini inapanda?"

"Mais ilikuwaka 182!" Amida alisema. "156 iko muzuri, non?"

Agnès alivuta kiti karibu. Hakuwa mtu wa haraka.

"Iko muzuri kupita 182. Mais haitoshi. Sikia, mama. Kwa bantu mingi benye tension, tunataka namba ya juu iikale chini ya 140, na namba ya chini iikale chini ya 90. Weye uko na sukari tena. Tension na sukari zikiwa mu mwili moja, zinaharibu mishipa haraka. Mishipa ya moyo, ya figo, na ya kichwa. Njo maana kwako tunataka namba ya juu iikale chini ya 130."

"Kati ya 130 na 156 kuko mbali?"

"Ku macho, kuko karibu. Ku mishipa, kuko mbali."

Amida angeweza kusema habari ya wembe. Lakini aliogopa kumwaibisha mume wake, mtu mzima anayekimbia kituo cha afya kama mtoto anayekimbia sindano. Tena hakuwa amedanganya. Aliulizwa kama anameza kila siku, na kweli alimeza kila siku. Hakuna aliyemuuliza anameza kiasi gani. Lakini ndugu zangu, nusu ya dawa haishushi tension, na nusu ya ukweli pia haishushi.

"Mwezi ingine kama haiyashuka, nitakutuma kwa munganga wa hospitali kubwa," Agnès alisema. "Pengine dawa moja haitoshi."

*

Haikufika mwezi mwingine.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Amida alikuwa barazani akidarizi shingo ya kanzu. Ilikuwa kanzu ya bwana arusi mmoja wa kule Kasomeno. Zakari alikuwa anakanyaga cherehani. Mara sindano ikamwanguka Amida.

Aliinama kuiokota. Vidole havikukubali. Aliviona vidole vyake vya kulia, lakini ilikuwa kama vya mtu mwingine. Akajaribu tena.

"Bibi, kuko nini?" Zakari aliuliza.

Amida akajibu, lakini maneno yalitoka yamevunjika. Zakari hakuelewa hata moja. Akaacha cherehani.

Jirani yao Kapinga alikuwa anapita na beseni la samaki wakavu kichwani. Huwauza sokoni kila siku. Alimtazama Amida mara moja tu, akatua beseni chini.

"Papa Zakari, angalia kinywa yake! Upande moja umeanguka. Tunaenda ku santri ya afya sasa hii."

"Tumupe mayi kwanza, apumuzike..."

"Hapana mayi! Hapana kupumuzika! Tunaenda!"

Kapinga akasimamisha teksi. Wakampandisha Amida katikati yao. Zakari alimshika ule mkono wa kulia. Ulikuwa mzito.

Walipokaribia kituo, Amida akakunja vidole. Akavikunjua. Maneno yakarudi.

"Imepita," alisema. "Iko bien sasa. Turudi ku nyumba."

Zakari akashusha pumzi. Alitaka kumwambia dereva ageuze gari. Alitaka sana.

"Haturudi," Kapinga alisema. "Kaka yangu mukubwa kule Kasai, ilimupita vile. Alirudi ku nyumba. Ku siku ya tatu ikarudi, na haikupita tena."

Agnès aliwapokea mlangoni. Tension ilikuwa 174 kwa 98. Alipima sukari pia. Akaomba gari la kumpeleka Amida hospitali kubwa. Walipokuwa wanalisubiri akamuuliza kwa upole.

"Mama, leo asubui ulikunywa dawa?"

"Nilikunywa."

"Ngapi?"

Amida alimtazama Zakari. Zakari alitazama sakafu.

"Nusu," Amida alisema.

"Na nusu ingine iko wapi?"

Agnès ana macho. Alimwangalia mke, akamwangalia mume, akaelewa. Hakugomba. Alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya hospitali kwamba mgonjwa alikuwa anameza nusu, ili daktari ajue. Gari likafika.

*

Amida alikaa hospitali siku nne. Daktari alimwambia damu ilikosa njia kidogo kwenye kichwa, kisha njia ikafunguka yenyewe. Mara nyingine haifunguki. Ndipo mtu anapooza, ama anakufa. Akarudishiwa kidonge chake kizima, akaongezewa na dawa nyingine.

Siku hizo nne Zakari hakukanyaga cherehani. Alinunua mkate kila asubuhi kwa mazoea. Alikula nusu, au hakula kabisa. Nusu ya pili aliifunga kwenye kitambaa na kumpelekea Amida hospitali. Hakuzungumza na watu. Kapinga alidhani ni hofu. Ilikuwa hofu, lakini haikuwa hofu peke yake.

Siku ya tano wakaenda wote wawili kwa Agnès na karatasi ya daktari. Zakari alikuwa amebeba kopo la maziwa la zamani, lile analowekea vifungo vya nguo.

"Mama Agnès, usimugombeze," Amida alianza kabla hata ya kukaa. "Miye njo nilikata dawa. Yeye alikataa kuya hapa. Nikasema, tension yetu ni moja, tukunywe pamoja."

"Sitamugombeza," Agnès alisema. "Nitamupima tu. Papa, ikala."

Zakari akakaa. Alitulia dakika tano kama mtoto wa shule. 176 kwa 102. Agnès akapima tena. 174 kwa 102.

"Papa, hii ni mingi. Hata nusu ya dawa ingeishusha kiloko, kidogo tu. Ulikuwa unakunywa kweli?"

Zakari akafungua kopo. Akamimina vifungo mezani, vyeusi, vyeupe, vya dhahabu. Chini ya vifungo kulikuwa na kitambaa kilichofungwa. Akakifungua.

Ndani yake kulikuwa na nusu za vidonge. Zilikuwa zaidi ya mia mbili. Nyingine zilikuwa zimegeuka unga.

"Sikukunywa hata moja," Zakari alisema.

Amida alishika mdomo.

"Mwaka ule dawa ilikosa hapa mwezi nzima," Zakari aliendelea. Alikuwa anaongea na vifungo, si na watu. "Munakumbuka? Mulisema, rupture. Miye nilimuona bibi yangu mwezi ile. Kichwa inamuuma, hasinzii. Nikasema, kama anakata dawa juu yangu, bien, nitamuwekea. Siku dawa itakosa tena, yeye atakuwa na yake."

Nje mwanamke mmoja alikuwa anamwita mtoto wake.

"Kila asubui," Amida alisema polepole, "ulikuwa unasema, nitakunywa na chai."

"Chai nilikunywa," Zakari alisema.

Amida akaanza kulia. Kisha katikati ya kilio akacheka, kisha akalia tena. Alimpiga bega kwa ngumi ndogo, akauacha mkono hapo hapo begani mwake. Miezi saba amejikata kidonge ili mume wake apone. Miezi saba mume wake amekificha ili yeye asikose. Wote wawili walikuwa wanapendana sana, na wote wawili walikuwa hawajatibiwa.

Agnès alifuta miwani yake. Nafikiri si kwa sababu ya vumbi.

"Papa Zakari," alisema, "weye ni fundi. Bantu wawili bakikuya, moja munene, moja mwembamba, utabakatia suruali na kipimo moja?"

Zakari akainua kichwa kana kwamba ametukanwa.

"Hata siku moja! Kila muntu na kipimo yake."

"Bien. Tension ni vile. Dawa ya Mama, munganga aliipimia Mama. Namba ya Mama ni chini ya 130, juu ya sukari, na juu ya ile ilimupata Alhamisi. Weye, kama hatukute sukari wala figo mubaya, namba yako ni chini ya 140 kwa 90. Dawa yako munganga atachagua. Pengine haitakuwa hata sawa na yake."

"Mais miye hainiumi."

"Na Mama, ilikuwa inamuuma kabla sindano ianguke?"

Zakari akatikisa kichwa.

"Njo tension ile. Hainaga kelele. Inaharibu mishipa polepole, muntu anaona iko muzima. Juu ya ile tunaangalia namba, hatungoje maumivu." Agnès akagusa kitambaa cha vidonge. "Na hizi, uniachie. Zimekaa bila paketi miezi, zimeharibika. Tension ya leo inataka dawa ya leo. Kama unaogopa rupture, kuya wiki moja mbele dawa iishe. Kama hapa haiko, nitakuandikia, utaitafuta ku farmasi. Usiache, usipunguze, usipe muntu. Na ukisikia kizunguzungu, kuya uniambie, usiamue weye moja."

"Hata bibi yangu nisimupe?"

"Hata bibi. Mupe mukate."

*

Zakari alipimwa damu na mkojo. Hakuwa na sukari, na figo zake zilikuwa salama. Akapewa kadi yake mwenyewe na dawa yake mwenyewe. Dawa yenyewe haikuwa hata ya rangi moja na za Amida. Aliigeuza geuza mkononi kama fundi anayekagua kitambaa kigeni.

Agnès aliwauliza pia wanakula nini. Amida alitaja bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi wa Kapinga, karibu kila siku. Basi Amida akaanza kuloweka samaki usiku kucha, akimwaga maji yenye chumvi. Kubu za mchuzi, vile viungo vya kukolezea vyenye chumvi, akaziacha, akaweka vitunguu na nyanya nyingi. Wiki ya kwanza Zakari alisema chakula kimekosa roho. Wiki ya tatu alikuwa anakomba sahani. Kapinga alisikia habari hiyo akashika kiuno.

"Munaniharibia kazi!" alisema. Lakini kesho yake aliwaletea samaki waliokaushwa bila chumvi, akawaambia amewatengea wao.

Na kila jioni, jua likipungua, wawili hao walitembea hadi barabara kubwa na kurudi. Zakari alisalimia kila mtu njiani, kwa hiyo matembezi ya nusu saa yalichukua saa nzima.

Zakari ana daftari ambamo huandika vipimo vya wateja, kifua, kiuno na urefu wa mkono. Kwenye ukurasa wa mwisho akaandika majina mawili. Amida, chini ya 130. Zakari, chini ya 140. Chini yake aliandika kila walichopimwa. Mteja mmoja aliona pale 148 akauliza ni kiuno cha nani huyo masikini. Zakari akamweleza habari yote tangu mwanzo. Mteja aliondoka bila suruali, akaenda moja kwa moja kupimwa.

Namba hazikushuka siku moja. Amida alikuwa 146, kisha 138. Alipofika 138 alifurahi, akasema sasa yatosha, hata zamani ilifika hapo.

"Kwa Papa Zakari, 138 ingetosha," Agnès alimjibu. "Kwako bado. Zamani sikukuambia vile, na ilikuwa kosa yangu. Tusonge kiloko tena."

Daktari akarekebisha dawa. Mwezi wa nne Amida alikuwa 126 kwa 78. Zakari alikuwa 134 kwa 84. Alirudi nyumbani akiimba, na yeye hajui kuimba.

Ile kanzu ya Kasomeno ilichelewa, lakini bwana arusi alisubiri. Alisema hataki shingo iliyodariziwa na mtu mwingine. Amida aliimaliza mwenyewe, mshono kwa mshono, na sindano haikumwanguka tena.

Asubuhi zao zimebadilika kidogo. Zakari bado ananunua mkate mmoja. Lakini kabla ya mkate, kuna jambo. Amida anampa Zakari kidonge chake kizima. Zakari anampa Amida vyake vizima. Chai haitoki tena kwenda barazani. Watu wawili wanameza wakitazamana.

"Fungua kinywa," Amida anasema.

"Bibi, miye ni muzee!"

"Muzee muongo. Fungua. Inua ulimi."

Zakari anafungua kinywa, anainua ulimi. Amida anachungulia vizuri, upande huu na upande ule. Hakuna kitu.

Ndipo mkono ule ulioangusha sindano unachukua kisu na kukata mkate katikati, sawasawa.